Bi Maporomoko Hazikwi Leo

Mlali,
12 Juni 1994

Kwako Paskalia, mke niliyekukosa kwa bahati yangu njema,

Sisi hatujambo, nyanya ndizo zinazoumwa. Mnyauko umeingia shamba la bondeni na robo ya miche imelala. Hafidha mke wangu anakusalimu. Anasema ukija tena usikalie kiti cha kamba, maana kile ulichokikalia mwaka juzi bado hakijapona. Shangazi Bernadeta, mama yako, nilipanda Mgeta kumwona wiki iliyopita. Meno yamebaki manne, lakini yote yako kazini. Anataka miwani. Nilimpa shikamoo yako ingawa hukuniagiza.

Sasa jambo lenyewe. Jumanne nilipeleka matenga mjini Morogoro, nikakuta picha yako imebandikwa ukutani karibu na stendi, kubwa kama mlango. Imeandikwa: "Bi Maporomoko wa Uluguru, miaka 29, aliyelelewa na chui porini, hajui kusoma wala huruma, dhidi ya Witness Radi. Jumamosi, 27 Agosti." Niliisoma mara tatu. Muuza maji akaniuliza kama namjua yule mwanamke. Nikamwambia nilikuwepo siku alipozaliwa, na kwamba hata siku hiyo alimpiga mkunga teke.

Nina maswali mawili. La kwanza: mimi nina miaka arobaini na tano, na wewe nimekupita mitatu tu. Kama una ishirini na tisa, hiyo mingine kumi na mitatu umemwachia nani? La pili: huyo chui ni shangazi yangu, au ni wale masista waliokufundisha kupiga chapa? Mama yako nimemwambia habari za chui. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akauliza kwa nini hawakuandika jina lake.

Tunakuja wote. Dereva wa lori la nyanya amekwisha kubali.

Mtani wako,
Salum


Magomeni, Dar es Salaam,
3 Julai 1994

Kwako Salum, mtoto wa mjomba na mzigo wa ukoo mwingine,

Bahasha yako ilifika ikinuka nyanya zilizooza, nikajua mwandishi kabla sijafungua. Mimi mzima. Mji una joto, na siku hizi kila chumba cha mbele ni duka na kila duka lina redio yake. Mpe Hafidha pole. Si ya kiti, ya kuishi na wewe. Mama mpe shikamoo na umwambie miwani nimeipata, ya mtumba. Ilikuwa ya Mzungu fulani lakini haimbagui mtu.

Chui alizuliwa na Bwana Mansuri, promota wetu. Kiwanda cha magunia kilipotupunguza mwaka 1987, nilitoka na cheti cha kupiga chapa na medali mbili za mieleka ya mashirika ya umma. Mansuri alivitazama vyote akasema hakuna atakayelipa kiingilio kumwona mpiga chapa. Tangu siku hiyo sijaruhusiwa kusoma hata kibao cha choo mbele za watu. Umri aliuweka yeye, na kila Januari anasahau kuongeza.

Sasa nisikilize. Goti langu la kulia lina maneno yake. Asubuhi linataka kubembelezwa kabla halijakubali ngazi. Nimecheza miaka kumi na mitano. Wanawake nilioanza nao, mmoja anauza vitenge, mwingine ameokoka na hataki kusikia habari za kaptura. Televisheni imeingia, kwa hiyo Mansuri anafungua darasa la wasichana hapa ukumbini na anatafuta mwalimu. Ameniahidi hivi: pambano la Morogoro likienda vizuri, ualimu ni wangu. Lisipokwenda vizuri, yuko mwanamume mmoja aliyestaafu jeshi anayeingoja nafasi hiyo hiyo. Nikiikosa narudi Mgeta kupalilia kabichi kwenye mteremko, na kwa goti hili nitafika bondeni kabla ya kabichi.

Nakuomba jambo moja, na hapa sitanii. Usije. Wala usilete mtu. Nitakuja Mlali kesho yake, Jumapili, nile mpaka Hafidha ajute kunialika.

Paskalia


Mlali,
20 Julai 1994

Kwako binti wa chui,

Hapa salama. Manyunyu kidogo, mnyauko umetulia. Mbuzi wa jirani kala karatasi yako ya kwanza, lakini nilikuwa nimeishaisoma.

Nilimsomea Hafidha mara mbili. Yeye anasema mwanamke akisema usije, ana sababu. Mimi nasema anayemwambia mtani usije, amemwita. Naona unaogopa. Usiogope. Likienda vizuri maana yake ukishinda, na wewe utashinda, kwa sababu sijaona mtu akaangushwa nyumbani kwao mbele ya ndugu zake. Hata timu ya kata ikicheza kwake, refa hupewa ugali kwanza.

Nimemuulizia huyo Witness. Ni wa Dumila, baba yake anawauzia abiria wa Dodoma mahindi ya kuchoma. Ana miaka ishirini na mmoja ya kweli. Kwa goti moja unamtosha.

Waliojiandikisha kwenye lori ni thelathini na mmoja. Kumi na watano ni wa ukoo wa mama yangu, watani wenu halali kabisa, wakiwemo Pili na yule fundi seremala Yohana. Jipake mafuta.

Salum


Magomeni,
9 Agosti 1994

Salum,

Salamu kwa wote. Dereva wako anaondoka sasa hivi na injini inawaka, kwa hiyo naandika nimesimama.

Kaeni nyumbani. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo, kazi yangu ina kiapo chake. Kama umeshindwa kabisa kukaa nyumbani, basi kaa kwenye benchi. Utakachokiona ukione, ukae. Usisimame. Usiseme neno. Hata nikilala, niache nilale.

Paskalia


Mlali,
31 Agosti 1994

Kwako marehemu uliyeshindikana,

Kabla ya salamu: barua yako ya tarehe 9 nimeipata jana. Dereva aliichomeka pamoja na leseni yake, akaikumbuka aliposimamishwa na trafiki. Sisi wazima, isipokuwa mgongo wa Yohana, kwa sababu utakazozisikia.

Wewe ulikuwa chali unatazama taa, kwa hiyo acha nikusimulie ulichokikosa.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mizunguko mitatu ulikuwa unamtupa yule msichana kama anayepepeta mchele, na sisi tukaimba. Mzunguko wa nne Witness akakushika bega la kushoto, akakuzungusha, ukaenda chini. Zile mbao zililia kama lori lililomwaga mawe. Mwamuzi akapiga magoti akaanza, "Moja!" Watu wa ukoo wangu wakanigeukia. "Mbili!" Hapo nikawa nimeishavuka kamba.

Nikamshika mkono kabla haujashuka. "We bwana, ngoja! Unamzika nani hapa, na kwa ruhusa ya nani?"

"Mzee, toka ulingoni," akasema.

"Mimi ni mtani wake. Hazikwi mtu kabla watani hawajala chao!"

Nikalala kando yako kama tunavyolala makaburini, mikono kifuani. Ukaniambia katikati ya meno, "Salum, toka, nitakuua." Nikapaza sauti, "Jamani, maiti anatukana!" Paa likataka kuondoka. Pili akapanda, akachukua taulo la Witness akajifunga kiunoni akidai ni urithi wake. Yohana akatoa kamba akakupima urefu, kisha upana, akawatangazia watu, "Jeneza hili linataka mivule miwili, na wachukuzi wa kukodi kutoka Dodoma!" Mwamuzi akamwambia Witness atutoe. Yule mtoto wa watu kalelewa. Alirudi kwenye kona yake akanyoosha mikono akasema, "Mimi sigombani na watani msibani." Wazee wa mjini waliokuja kwa staha zao, na kofia zao, walikuwa wamesimama juu ya viti.

Tukakubeba juu juu tukakutoa nje, wanaume sita. Yohana alikuwa upande wa kichwa, na mpaka leo hainami. Mwamuzi hakusema "tatu". Mtu ambaye hajahesabiwa tatu hajashindwa, hiyo nimeulizia. Bwana mmoja mwenye suti alikuwa mlangoni anafungua mdomo na kufunga. Nadhani ndiye Mansuri. Nilimpungia.

Jumapili Hafidha alichinja bata wawili. Hukuja. Tuliwala wenyewe, lakini si kwa raha.

Ualimu unaanza lini?

Salum


Mlali,
25 Septemba 1994

Kwako Paskalia,

Hii ni ya pili tangu siku ile. Ya kwanza ilipita kwa mikono ya dereva na ameapa kwamba alikupa wewe mwenyewe, na kwamba uliipokea bila kusema asante. Mama yako hajambo. Miwani imefika, ameitumia kumkagua padri na hakuridhika.

Kama goti ndilo limezidi, sema. Kama ni mimi, tukana. Kunyamaza siyo utani.

Salum


Magomeni,
16 Oktoba 1994

Salum,

Mama hajambo? Wewe sikuulizi.

Mwaka 1987 Mansuri alitupanga ulingoni, tukashika kamba ya juu, tukaapa kwamba kuna jambo moja hatutamwambia mtu wa nje, hata mume, hata mzazi. Nimelificha miaka saba. Leo nakivunja kiapo, kwa kuwa nilichokuwa nakilinda hakipo tena.

Nilikuwa nianguke.

Mzunguko wa nne, bega la kushoto, hesabu ya tatu. Mimi na Witness tulifanya mazoezi wiki tano. Hiyo ndiyo maana ya "likienda vizuri": nimkabidhi yule msichana jina nililolijenga, mbele ya watu wangu wenyewe, kwa anguko safi lisilo na shaka, ili kesho yake yeye awe mtu wa kutazamwa na mimi niwe mtu wa kufundisha. Zilibaki sekunde mbili. Nilikuwa nazihesabu. Kisha nikasikia harufu ya nyanya.

Mansuri alisema nilikupanga wewe ili nisishindwe. Nilimwambia sikukupanga. Akaniuliza kwa nini, basi, uliingia ulingoni kwa uhodari wa mtu aliyefanya mazoezi. Ningemjibu nini? Kwamba umezaliwa hivyo?

Mwanajeshi alianza tarehe 3. Wasichana wanamwita Afande. Anawakimbiza mpaka Ubungo na kurudi, hilo analiweza. Kuanguka hajui, na wala hajui kwamba hajui. Wawili wameteguka. Mimi nakaa mlangoni nachana tiketi. Bi Maporomoko, aliyelelewa na chui, anawaambia watu wapange foleni.

Usinijibu kwa mzaha.

Paskalia


Mlali,
2 Novemba 1994

Kwako Paskalia,

Mama hajambo. Sitafanya mzaha mpaka ukurasa wa pili.

Tulijua.

Tumejua tangu 1988, tulipokuja kukutazama hapo Magomeni. Ulipigwa kiti cha kichwa, ukatolewa kwa machela, na saa mbili baadaye ukala nasi wali wa nazi, huna hata uvimbe. Njiani kurudi mama yako ndiye aliyesema, "Mtu akikuvalia ngozi ya chui, humwonyeshi mshono." Akatukataza kukuuliza. Basi kila mtu akakunyamazia kwa heshima, nawe ukatunyamazia kwa kiapo, na huo ndio uchumi wa ukoo huu.

Hebu fikiri. Kama ningeamini kwamba ni vita ya kweli, ningeingia pale mimi, mwenye uzito wa tenga moja? Niliingia kwa sababu nilijua ni mchezo. Na mchezo wa mtu kuanguka, huku kwetu, watani wana sehemu yao humo; hakuna aliyewahi kutuambia tununue tiketi tukae. Nilikosea jambo moja tu. Nilidhani yule mwenye suti amekupangia kuanguka kwa hila, hapa nyumbani, ili aseme haikwenda vizuri na kazi ampe mwingine. Sikufikiri kwamba kuanguka ndiko kazi yenyewe.

Mtani haombi radhi. Akiomba, utani umekufa na tutabaki ndugu wa kawaida, wa kuamkiana na kuagana. Kwa hiyo siombi. Ila Jumatatu nilipanda lori, nikafika hapo ukumbini asubuhi, kabla hujaja kuchana tiketi zako.

Mansuri alinitazama akasema, "Wewe si yule maiti wa pili?"

Nikasema ndiye. Nikamwambia umemtuhumu bure huyo mwanamke. Hakunipanga, alinikataza kwa barua mbili, na moja ya hizo ninayo hapa. Akaisoma. Akasoma mahali ulipoandika "hata nikilala, niache nilale". Akakaa chini.

"Hii barua imefika kwako lini?"

"Siku tatu baada ya msiba."

Alicheka, lakini vibaya, kama mtu anayeumwa jino. Ndipo nikamwambia lililonileta. Msiba uliosimamishwa na watani haujaisha. Morogoro nzima inangoja ile "tatu". Sokoni watu wanasalimiana "moja, mbili" na kunyamaza. Akitaka, arudishe pambano lile lile, awape watani chao hadharani, na sisi tutaruhusu mazishi.

"Chenu ni nini?"

"Jogoo na debe la mchele. Mbele ya watu, ulingoni."

"Na mkishapewa?"

"Tunakaa. Ukituona tumesimama, chukua lori."

Akafikiri. Nikamuuliza habari za Afande. Akasema Afande mwenyewe aliteguka Ijumaa, akiwaonyesha wasichana jinsi ya kutoteguka.

Atakuita wiki hii. Ni tarehe 17 Desemba. Masharti ni yale yale: likienda vizuri, ualimu. Safari hii sote tunajua vizuri ni nini.

Ukurasa wa pili umeisha na sikupata nafasi ya mzaha. Hafidha anasema ni mara ya kwanza tangu anioe. Nasema hivyo kwa sababu ndiye aliyenioa.

Salum


Magomeni,
8 Januari 1995

Kwako Salum, mla jogoo,

Heri ya mwaka mpya. Samahani kwa kuchelewa, utaona sababu. Shikamoo kwa mama. Kwa Hafidha salamu nyingi, na umwambie bata wa Krismasi walikuwa wazuri kuliko mumewe.

Ulikaa. Nakiri. Ulipokea jogoo, ukamwinua watu wamwone, ukasema "Zikeni," ukarudi kwenye benchi na wenzako kumi na wanne mkatulia kama mawe ya Mgeta. Kwenye kona yangu nilisema moyoni: sasa imebaki kazi yangu tu.

Nitakuambia jambo ambalo Mansuri halijui wala mwamuzi halijui. Ukilitoa nje, nitakuja Mlali kwa mguu mmoja.

Ilipangwa mzunguko wa nne. Nilianguka wa tatu. Witness hakunigusa. Alikuwa mbali nami kiasi cha hatua mbili anakuja kwa kishindo, mimi nikageuka kumpokea, na goti likakataa. Halikuuma kwanza. Lilikwenda tu, kama kigingi cha hema. Nikashuka kwa bega lisilopangwa, mdomo wazi, bila sanaa yoyote. Miaka kumi na mitano nimeanguka labda mara elfu mbili, na hiyo ndiyo ya kwanza.

Yule msichana ana akili. Hakusimama kushangaa. Alijitupa juu yangu kana kwamba ndiye aliyenishusha, akaninong'oneza, "Dada, bado! Ni wa nne!"

Nikamwambia, "Lala hapo hapo. Mwache ahesabu."

"Umeumia?"

"Lala, nimesema."

Mwamuzi alisita, akanitazama usoni, akahesabu. Kati ya mbili na tatu ukumbi wote uligeukia benchi lenu. Hakuna aliyesimama. "Tatu." Basi. Nilidhani ningejisikia namna fulani. Nilijisikia kiu.

Gazeti liliandika kwamba Witness Radi ana mtupo wa kasi ambao jicho halikuweza kuuona. Ni kweli, halikuweza. Mansuri ananipongeza mpaka leo kwa kuwahisha. Anasema niliusoma ukumbi. Alitaka nikazikwe tena Dodoma mwezi wa pili na Iringa wa tatu, pamoja na watani. Nikamwonyesha plasta, kutoka nyonga hadi kisigino. Akasema basi wewe unaweza kwenda peke yako, mimi nitasomwa jina tu. Nimemjibu kwamba wewe ni mkulima na una haya. Usiniaibishe kwa kukubali.

Nilianza ualimu Jumatatu, nimekaa kwenye kiti, fimbo mkononi. Wasichana tisa, Witness akiwa mmoja wao. Afande ananisaidia kuwakimbiza, kwa kuchechemea. Ukituona wawili utadhani ukumbi ni wodi. Wiki hii hawarushi mtu. Wanaanguka tu, asubuhi mpaka saa sita, wa kulia, wa kushoto, chali. Wananung'unika kwamba hawakujiandikisha kwa ajili ya hilo.

Jana, mbele ya wenzake wote, Witness akanyoosha mkono. "Mwalimu, ile ya Morogoro. Ulijiangusha, au ulianguka?"

Wote tisa wakasogea karibu. Afande naye akasogea.

Nikamwambia hilo ni somo la mwaka wa kumi na tano, akifika aje aniulize. Kisha nikamwambia azunguke ukumbi mara ishirini.

Paskalia